Waliotangulia Jukwaani

Tarehe 5 Julai 2025, uwanja wa Villa Park mjini Birmingham, Uingereza, ulijaa watu waliovaa fulana nyeusi tangu mchana. Siku hiyo hapakuwa na mechi ya Aston Villa. Watu walikwenda kumuaga mwimbaji Ozzy Osbourne na wenzake watatu wa bendi ya Black Sabbath, yaani Tony Iommi, Geezer Butler na Bill Ward, ambao hawakuwa wamepanda jukwaa moja wote wanne tangu 2005. Mtaa wa Aston waliokulia ndio huo huo uliobeba uwanja. Ozzy, ambaye ugonjwa wa Parkinson ulikuwa umemmaliza nguvu za miguu, aliimba akiwa ameketi kwenye kiti cha enzi cheusi. Siku 17 baadaye alifariki.

Bendi ya Mastodon ndiyo iliyofungua siku. Baada yao zikapanda nyingine: Anthrax, Lamb of God, Alice in Chains, Gojira, Pantera, Tool, Slayer, Guns N' Roses, na mwisho kabisa kabla ya Ozzy mwenyewe, Metallica. Mapato yalikwenda hospitali ya watoto, hospisi ya watoto na utafiti wa Parkinson. Shabiki wa juzijuzi aliona bango la mastaa tu. Aliyewafuatilia kwa miaka aliona zaidi ya hapo, kwa sababu wengi kati ya hao waliwahi kufanya kazi ya kumtangulia Ozzy jukwaani, ama katika ziara zake mwenyewe, ama za Black Sabbath, ama kwenye tamasha lake la Ozzfest. Walirudi kuifanya kazi ile ile kwa mara ya mwisho.

Hapo ndipo ilipo siri ya muziki huu wa hevi metali, na ni jambo ambalo huandikwa kwa nadra. Redio nyingi hazikuutaka. Televisheni iliuogopa. Bendi zake kubwa zilijengwa barabarani, nyuma ya bendi nyingine, katika zile dakika arobaini za mapema jioni ambapo nusu ya watu bado wako getini wakipekuliwa.

Kazi ya kutangulia ina taratibu zake. Wenye shoo ndio wanaopima sauti kwanza, tena kwa muda wanaoutaka. Watangulizi hupewa dakika zilizobaki, na siku nyingine hazibaki. Dramu za wenye shoo huwa zimeshapangwa juu ya jukwaa lake zikiwa zimefunikwa kitambaa, na hakuna wa kuzisogeza, hivyo watangulizi hupanga vyombo vyao mbele yake, kwenye kipande chembamba ambacho mpiga besi akirudi nyuma hatua mbili anagonga spika. Taa wanazoruhusiwa ni chache, na sauti yao haifunguliwi yote. Wakimaliza, vyombo viondoke haraka, kisha wanamuziki wenyewe, jasho halijakauka, wakimbilie meza ya fulana. Fulana ndizo zinazonunua mafuta ya kufika mji wa pili.

Ozzy aliuonja ukali wa dakika hizo akiwa upande wa wenye shoo. Mwaka 1978 Black Sabbath walikuwa wanatimiza miaka kumi, na walikuwa hoi kwa pombe, unga na magomvi. Waliwachukua Van Halen wawatangulie, vijana wa Pasadena, California, waliokuwa wametoa albamu yao ya kwanza Februari ya mwaka huo huo. Mpiga gitaa wao, Eddie Van Halen, alikuwa na miaka 23. Mkono wake wa kulia haukukaa kwenye nyuzi za chini kama wa wapigaji wengine. Aliupandisha juu ya shingo ya gitaa, vidole vyake vikigonga nyuzi jirani kabisa na pale wa kushoto unapobonyeza, na noti zikamwagika kwa kasi ambayo watu hawakuizoea.

Na baada ya hapo, kila usiku, aliyepaswa kupanda ni Tony Iommi. Huyu ndiye mtu aliyeupa muziki huu mlio wake. Akiwa na miaka 17, siku yake ya mwisho kazini katika kiwanda cha mabati, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, ule anaobonyezea nyuzi kwa kuwa anapiga kwa kushoto. Aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajifinyangia ncha za bandia, akazivika ngozi ili zisiteleze. Baadaye, ili vidole visiumie, akatumia nyuzi nyepesi na kuzilegeza. Ule uzito unaosikika katika nyimbo za Black Sabbath, wa gitaa linalonguruma chini kuliko magitaa ya wenzake wa wakati ule, umetokana kwa sehemu kubwa na ajali hiyo. Lakini mwaka 1978 watu walikuwa wanataka moto wa Van Halen. Ozzy alikiri mara nyingi hadharani kwamba vijana wale waliwafunika. Aprili 1979 Black Sabbath wakamfukuza.

Alirudi na bendi yake mwenyewe, akiwa na kijana mpiga gitaa aliyeitwa Randy Rhoads. Machi 19, 1982, katikati ya ziara, Rhoads alikufa huko Leesburg, Florida, akiwa na miaka 25, ndani ya ndege ndogo iliyokuwa ikirushwa na dereva wa basi lao. Ozzy alimaliza ziara ile kwa mpiga gitaa wa kuazima. Nasema haya ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani aliyewapokea Metallica miaka minne baadaye. Alikuwa ameshafunikwa na waliomtangulia, ameshafukuzwa, na ameshazika.

Metallica waliingia katika ziara ya Ozzy mwishoni mwa Machi 1986, wiki chache tu baada ya kutoa albamu yao ya tatu, Master of Puppets. Hawakuwa na video hata moja. Redio za Marekani hazikuwagusa. Walichokuwa nacho ni kumbi za maelfu ya watu waliokuja kwa ajili ya mtu mwingine. Kinasimuliwa kisa kimoja ambacho Ozzy mwenyewe alikirudia katika mahojiano: kila akipita karibu na jukwaa mchana, aliwasikia vijana wale wakipima sauti kwa nyimbo za Black Sabbath. Akakasirika, akidhani wanamkejeli. Mpaka alipoelezwa kwamba hawamkejeli, wanamwabudu.

Ziara ile iliendelea hadi mwanzoni mwa Agosti. Julai, mwimbaji wao James Hetfield alianguka kwenye ubao wa magurudumu akavunjika mkono. Akaendelea kuimba, na gitaa lake likapigwa na fundi wao wa vyombo, John Marshall. Novemba mwaka huo Master of Puppets ikapewa diski ya dhahabu kwa kufikisha nakala nusu milioni Marekani. Kwa bendi isiyochezwa redioni, nakala hizo zilitoka wapi kama si kwa wale waliowahi kuingia ukumbini mapema?

Turudi nyuma miaka mitatu, kwa sababu undugu wa bendi hizi haukuanzia kwenye kumbi kubwa. Mwaka 1983 Metallica walivuka Marekani nzima kwa lori la kukodi, kutoka upande wa San Francisco hadi New York. Aliyewaita ni Jon Zazula, ambaye yeye na mkewe Marsha walikuwa wanauza sahani za muziki kwenye soko la bidhaa za mitumba huko New Jersey. Zazula hakuwa na fedha za hoteli. Vijana walilazwa katika jengo moja la mazoezi ya bendi mtaa wa Jamaica, Queens, sehemu isiyo na bafu la maana wala jiko. Bendi nyingine changa ilikuwa na chumba chake cha mazoezi humo humo, nayo ni Anthrax. Scott Ian na wenzake walipoona jinsi wageni wanavyoishi, waliwaletea friji na oveni ndogo ya kuokea mkate. Wageni wakapata angalau pa kupasha chakula.

Mimi huona oveni ile ina uzito kuliko tuzo nyingi walizopata baadaye. Bendi mbili zinazogombania mashabiki wale wale, lebo ile ile, na hata ukumbi ule ule wa Jumamosi, moja inambebea mwenzake friji ngazini. Miaka mitatu baadaye, Metallica walipopata ziara yao wenyewe ya Ulaya, waliowachukua wawatangulie walikuwa Anthrax.

Katika jengo lile lile ndipo Dave Mustaine, mpiga gitaa wa Metallica, alipofukuzwa. Asubuhi ya Aprili 11, 1983, wenzake walimwamsha, wakamwambia kazi imekwisha kwa sababu ya ulevi na ugomvi, wakampa tiketi ya basi. Safari ya kurudi California ilimchukua siku kama nne, bila fedha ya chakula. Njiani alianza kuandika mashairi nyuma ya kipeperushi cha seneta mmoja wa California kilichozungumzia maafa ya silaha za nyuklia, na kutoka kwenye kipeperushi hicho ndipo lilipozaliwa jina la bendi yake mpya, Megadeth. Nafasi yake ikachukuliwa na Kirk Hammett. Alitolewa wapi? Exodus, bendi iliyokuwa ikiwatangulia Metallica kwenye vilabu vya San Francisco. Waliofuatilia enzi za bendi za Msondo na Sikinde, ambapo mpigaji leo yuko huku kesho yuko kule na mashabiki wanagawanyika naye, hawatashangaa.

Slayer, bendi ya nne katika ukoo huu, walianza kwa unyonge zaidi. Mwimbaji na mpiga besi wao, Tom Araya, mzaliwa wa Chile, alikuwa na kazi hospitalini ya kuwahudumia wagonjwa wenye matatizo ya kupumua. Akiba yake, pamoja na mkopo wa baba wa mpiga gitaa Kerry King, ndiyo iliyogharimia albamu ya kwanza. Ziara yao ya mwanzo mwaka 1984 waliifanya kwa gari dogo la Araya lenyewe, aina ya Camaro, likivuta tela la vyombo.

Ziara ya Ulaya ya 1986 ndiyo iliyoleta msiba. Usiku wa Septemba 26 Anthrax na Metallica walipiga Stockholm, Sweden. Baada ya shoo walipakia, kila bendi ikaingia kwenye basi lake kuelekea Copenhagen. Basi la ziara lina vitanda vya juu na chini pande zote mbili, vyembamba, kila kimoja na pazia lake. Kitanda kizuri kinagombaniwa. Usiku ule Cliff Burton, mpiga besi wa Metallica, na Kirk Hammett waliamua kwa karata. Cliff akavuta ree ya shupaza, akachagua kitanda cha Kirk.

Alfajiri ya Septemba 27, karibu na Ljungby kusini mwa Sweden, basi liliyumba, likatoka barabarani, likalala ubavu. Cliff alirushwa nje kupitia dirishani na basi likamwangukia. Alikuwa na miaka 24. Dereva alisema barabara ilikuwa na barafu. Hetfield, akiwa na soksi na chupi tu katika baridi ile, alitembea kurudi nyuma akitafuta barafu hiyo, na hakuiona. Uchunguzi haukumtia dereva hatiani.

Anthrax walikuwa wametangulia kufika Copenhagen. Walipokea habari hotelini, wakiwa wanasubiri wenzao ambao wangewakuta na kupanga shoo ya jioni. Kwa Scott Ian, aliyefariki hakuwa mpiga besi wa bendi kubwa. Alikuwa rafiki waliyelala naye jengo moja Queens wakati hakuna kati yao aliyekuwa na kitu. Leo pale barabarani pana jiwe la ukumbusho, lililowekwa 2006, na mashabiki husafiri kutoka mbali kwenda kuliona.

Wiki sita baada ya ajali, Novemba 8, Metallica walipanda jukwaa tena, huko Reseda, California, wakiwa na mpiga besi mpya, Jason Newsted, kutoka Flotsam and Jetsam. Bila kutangazwa, waliwatangulia Metal Church. Bendi yenye diski mpya ya dhahabu ilirudi kwenye nafasi ya mtangulizi ili imzoeze mgeni wao. Wengi hushutumu haraka ile. Mimi nadhani hawakujua namna nyingine ya kuomboleza. Walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu ambao maisha yao yote ya utu uzima yalikuwa ndani ya basi.

Basi hilo hilo, kwa maana ya maisha ya barabarani, ndilo soko la ajira la muziki huu. Ukikaa na watu miezi mitatu, unamjua anayechelewa, anayelewa kabla ya shoo, na anayeshika noti zake hata akiwa na homa. Mwaka 1992 Alice in Chains walimtangulia Ozzy. Mpiga besi wa Ozzy wakati huo alikuwa Mike Inez. Mwanzoni mwa 1993 Alice in Chains walipoachana na mpiga besi wao, hawakutangaza nafasi. Walimpigia simu Inez, na hadi leo yuko nao.

Kisa cha Robert Trujillo ni kirefu zaidi na nakipenda zaidi. Alikuwa mpiga besi wa Suicidal Tendencies, bendi iliyowatangulia Metallica mwaka 1993 na 1994. Bendi ile iliposambaratika akaenda kupiga na Ozzy kwa miaka kadhaa. Mwaka 2001 Newsted akaondoka Metallica, na Februari 2003 Metallica, baada ya kuwajaribu wapigaji kadhaa, wakamchukua Trujillo. Tukio limo katika filamu yao Some Kind of Monster: wanamwambia amepata kazi, kisha wanamtajia dola milioni moja kama malipo ya awali, na uso wa mtu yule haujui uende wapi. Na Ozzy, aliyebaki bila besi, akamchukua nani? Jason Newsted, aliyepiga naye kwenye Ozzfest ya mwaka huo huo. Walibadilishana kama majirani wanaoazimana jembe.

Kulikuwa pia na ziara ambazo bendi zilikataa kukubali nani mkubwa. Mwaka 1990 Megadeth, Slayer, Testament na Suicidal Tendencies walizunguka Ulaya kwa jina la Clash of the Titans, na 1991 Megadeth, Slayer na Anthrax wakaipeleka Marekani, wakipokezana kufunga usiku. Nafasi ya kufungua ilikusudiwa kwa Death Angel, lakini basi lao lilipata ajali na mpiga dramu wao akaumia vibaya. Wakaitwa Alice in Chains, vijana wa Seattle wenye muziki wa polepole. Mashabiki wa Slayer waliwazomea na kuwatupia kila kilichoshikika. Hawakushuka. Walipiga nyimbo zao zote, usiku baada ya usiku, na mwaka uliofuata walitoa Dirt, albamu iliyouza mamilioni. Mpaka leo wapo wanamuziki wa metali wanaowaheshimu kwa ile ziara. Mwaka huo huo wa 1991 Anthrax walizunguka pia na Public Enemy, rapu na metali kwenye bango moja, wakati ambapo kila promota alidhani watu watapigana.

Aprili 20, 1992, ukoo huu ulikutana Wembley, London, kwa ajili ya mtoto wa Mji Mkongwe. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, alikuwa amefariki Novemba iliyotangulia. Metallica ndio waliofungua shoo. Baadaye Hetfield alirudi kuimba Stone Cold Crazy na Queen watatu waliobaki, Tony Iommi akiwa kwenye gitaa. Queen wenyewe walipita njia hii hii. Mwishoni mwa 1973 walizunguka Uingereza wakiwatangulia Mott the Hoople, na mwaka uliofuata wakaenda nao Marekani, hadi mpiga gitaa wao Brian May alipougua homa ya ini na ikabidi warudi nyumbani. Freddie, kijana wetu aliyekuwa na aibu ya meno yake, alijifunza kukamata ukumbi wa watu wasiomjua kwenye shoo za bendi ambayo leo wengi hawaikumbuki. Na May, akiwa mzee wa kazi mwenye jina dunia nzima, mwanzoni mwa miaka ya 90 alichukua bendi yake akawatangulia Guns N' Roses, ambao walikuwa wadogo zake kwa umri na kwa kazi. Sijaona unyenyekevu mkubwa kuliko huo katika biashara hii.

Guns N' Roses hao hao na Metallica walizunguka pamoja majira ya joto ya 1992, kila mmoja akijiona mwenye shoo. Agosti 8, Montreal, Kanada, Hetfield alisimama mahali ambapo fataki mpya ya jukwaani ililipuka, ikamuunguza mkono wa kushoto. Shoo ya Metallica ikakatika. Guns N' Roses wangeweza kuuokoa usiku ule kwa kupanda mapema na kupiga kwa moyo. Walichelewa, kisha mwimbaji wao Axl Rose akashuka kabla ya wakati. Watu wakavunja viti, wakachoma vitu, polisi wakaingia. Ziara ilipoendelea, gitaa la Hetfield lilipigwa tena na John Marshall, yule yule wa 1986.

Mwaka 1996 tamasha la Lollapalooza, ambalo bango lake liliongozwa na Metallica, lilimkataa Ozzy kwa kumwona amepitwa na wakati. Sharon, mkewe na meneja wake, akajibu kwa kuanzisha Ozzfest. Tamasha hilo liliwainua System of a Down, Slipknot na wengine wengi, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini lina doa pia. Agosti 2005, huko Devore, California, Iron Maiden walipigwa mayai wakiwa jukwaani na umeme wao ukakatwa mara kadhaa, baada ya mwimbaji wao Bruce Dickinson kulisema vibaya tamasha katika shoo zilizotangulia. Sharon hakuficha mkono wake katika kukatwa kwa umeme. Unaweza kumtoa mtu kwenye ziara yako. Kumzimia vyombo mbele ya watu waliolipa kumsikiliza ni kuvunja adabu ya kazi.

Doa kubwa zaidi ni la fedha, na si la Ozzfest peke yake. Kwa miaka mingi imekuwa kawaida bendi changa, au lebo yake, kulipia nafasi ya kutangulia. Kumbi nazo hukata asilimia ya mauzo ya fulana, zile zile zilizokuwa zinanunua mafuta. Ngazi waliyopandia Metallica na Slayer inauzwa sasa kipande kwa kipande, na wanaoweza kuinunua si lazima wawe ndio wanaojua kupiga.

Wapo pia ambao ngazi hiyo haikuwafikia kabisa. Nairobi ina bendi za metali kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, zinazopiga kwenye baa na kumbi ndogo kwa mashabiki waaminifu. Martin Kanja na Sam Karugu, waliounda Duma, hawakupata bendi kubwa ya kuitangulia. Njia yao ilipitia Kampala, kwa lebo ya Nyege Nyege Tapes, iliyotoa albamu yao 2020, mayowe na magitaa juu ya midundo ya kompyuta. Ulaya ikawafahamu kupitia watu wa muziki wa kielektroniki. Kanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa The Adept mwaka 2024 kwa lebo aliyoianzisha mwenyewe, na akaitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau aliyefikia cheo cha Field Marshal.

Zile bendi nne za mwanzo zilikutana Juni 16, 2010, Warsaw, Poland: Metallica, Slayer, Megadeth na Anthrax kwenye bango moja kwa mara ya kwanza. Siku sita baadaye, Sofia, Bulgaria, shoo ilirushwa moja kwa moja katika mamia ya kumbi za sinema, na wengi wao walipanda pamoja kupiga Am I Evil? ya Diamond Head. Mustaine na Hetfield walikumbatiana, miaka 27 baada ya ile tiketi ya basi. Mpiga gitaa Jeff Hanneman wa Slayer alipiga mara ya mwisho mbele ya watu katika shoo ya wanne hawa huko Indio, California, Aprili 2011, nyimbo mbili tu kwa sababu mkono ulikuwa mgonjwa. Aliyekuwa ameshika nafasi yake ni Gary Holt wa Exodus. Hanneman alifariki 2013.

Metallica hawakuacha kuzunguka. Katika ziara waliyoianza Amsterdam mwaka 2023 walipiga usiku mbili katika miji mingi bila kurudia wimbo, na kila usiku ulikuwa na watangulizi wake. Kati ya waliowachukua walikuwa Mammoth WVH, bendi ya Wolfgang Van Halen, mtoto wa Eddie. Kijana huyu aliingia bendi ya baba yake kama mpiga besi kabla hajatimiza miaka 17, na kwenye albamu yake ya kwanza ya 2021 alipiga vyombo vyote mwenyewe. Angeweza kujaza kumbi kwa kupiga nyimbo za marehemu baba yake, na mapromota wangemlipa vizuri. Amekataa. Mwaka 2021 aliwatangulia Guns N' Roses, kisha Metallica, na kwenye shoo zake hapigi hata wimbo mmoja wa Van Halen. Katika ziara hizo alipanda mapema, jua likiwa bado halijazama, akapiga nyimbo zake mwenyewe, na waliotaka kumsikia iliwabidi wafike kabla foleni ya getini haijaisha.